Matumizi ya Neno "Suluhu" Mpakani Busia na Tororo

Asikilizaye redio, asomaye magazeti au asahihishaye insha za wanafunzi hukutana na kitenzi suluhisha karibu kila siku, na aghalabu hukikuta kimefuatwa na kitu badala ya mtu. Serikali inasuluhisha tatizo la maji. Kamati inasuluhisha suala la mishahara. Mwanafunzi anasuluhisha hesabu. Jina lililozaliwa humo, suluhisho, limevuma hata kumpita mama yake, suluhu. Makala haya yanauliza swali moja la sarufi ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito nje ya darasa: yambwa ya kitenzi suluhisha ni nani, au ni nini? Mifano nitaitoa hasa Busia na Tororo, kwa kuwa huko Kiswahili husimama kila siku kati ya watu wasiochangia lugha ya mama, na swali hilo haliwi la nadharia tu.

Tuanze na asili. Suluhu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufaa, kuwa sawa, kutengenea. Kiswahili hakikupokea neno moja, kilipokea ukoo. Salihi ni mtu mwema. Islahi ni matengenezo. Maslahi ni yale yamfaayo mtu. Wazee wa pwani walikuwa na selehi na selehisha, ambayo leo hayasikiki sana. Katika ukoo huo, suluhu ndilo lililopewa kazi ya kuwaangalia watu wawili au pande mbili zilizokosana. Waislamu husoma habari za Suluhu ya Hudaibiya ya mwaka 628, na humo pande mbili zinajulikana kwa majina: Mtume na wafuasi wake upande mmoja, Makureshi wa Makka upande wa pili. Hapana asomaye habari hiyo akadhani kilichosuluhishwa ni "suala".

Mtetezi wa matumizi mapya atanijibu kwamba, ikiwa mzizi wenyewe una maana ya kutengeneza, si kosa kusema tatizo limesuluhishwa, maana limetengenezwa. Hoja hiyo ina nguvu. Lugha haifungwi na asili ya maneno yake, na kamusi za siku hizi zinalikubali suluhisho kwa maana ya jibu la tatizo. Mwanafunzi anayeliandika hawezi kunyimwa alama kwa haki. Lakini mtetezi huyo anasahau kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari, tena zuri. Kutatiza ni kuzungushia, kama uzi uzungushwavyo hata ukatatana, na kilichotatizwa hivyo ni tatizo. Kinyume chake kimo katika mzizi uleule: tatua. Tatizo hutatuliwa kama uzi ufunguliwavyo, na mwenye kutatua aweza kuwa peke yake chumbani, yeye na karatasi yake. Fumbo nalo hufumbuliwa. Utatuzi na ufumbuzi vyatosha kwa hesabu, maji, mishahara na barabara. Kazi hizo zote tukizitwika suluhisho, tunalichosha, na likishachoka tutakosa neno la kazi ile ambayo tatua haiwezi kuifanya. Huwezi kumtatua mtu na jirani yake.

Watangazaji wa mpira wa Tanzania, kwa upande wao, wameliazima suluhu kwa mchezo ulioisha bila bao, na sare wakaliachia mabao yaliyolingana. Sina ugomvi nao. Wamekamata jambo moja la kweli, kwamba penye suluhu hakuna aliyeshinda. Walichokiacha ni yule mtu wa tatu aliyeketi katikati.

Mtu huyo wa tatu ndiye anayelitenga neno letu na jirani zake, ambazo wanafunzi huzichanganya sana. Kuamua, kabla ya kuwa kazi ya hakimu, ni kuwatenganisha watu wanaopigana; mwamuzi wa ngumi bado anaifanya kazi hiyo kwa mikono. Kupatana ni jambo la wawili wenyewe: kila mmoja humpata mwenziwe. Ndiyo sababu kitenzi hicho kinakaa vizuri sokoni. Katika soko la Busia mwenye mitumba na mnunuzi hupatana bei pasipo mtu kuwaingilia, na asubuhi hiyohiyo mume na mke waliokosana usiku waweza kupatana nyumbani pasipo mtu kuwaingilia. Methali zetu zimeishika tofauti hii barabara. Tunasema wagombanao ndio wapatanao; tunasema pia, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Hakuna msuluhishi katika methali hizo, na ile ya pili inamwambia waziwazi asiyehusika abaki shambani. Ukitaka kumtia mtu wa tatu huna budi kuongeza kiambishi, ukapata patanisha. Wafasiri wa Biblia walilichagua neno hilo, wakatupatia wapatanishi na upatanisho, na watu wengi wa Busia na Tororo hulijua kutoka kanisani kabla ya kulijua kutoka shuleni.

Maridhiano ni neno lingine tena. Huko mambo hayakomi kwenye maneno wala kwenye kupeana mikono. Kila upande sharti uwe radhi moyoni. Zanzibar imetuachia somo la msamiati hapa. Vyama vya CCM na CUF vilitia saini Mwafaka tarehe 9 Juni 1999. Haukutekelezwa, damu ikamwagika Januari 2001, na Mwafaka wa pili ukatiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana tarehe 5 Novemba 2009, jina lililoshika midomoni mwa watu lilikuwa Maridhiano, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Siamini kwamba neno lilibadilika kwa bahati tu. Mwafaka lilikuwa limeshazoeleka kuwa jina la karatasi. Kenya nayo, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliunda kwa sheria ya 2008 chombo kilichoitwa kwa Kiswahili Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mimi naona jina hilo ni zito kuliko uwezo wa tume yoyote, kwani tume yaweza kuwasikiliza watu na kuwapatanisha, lakini haiwezi kuridhika kwa niaba yao.

Sasa niingie mpakani. Kabla ya 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari uliotokea ukawapitia Wasamia na Wateso katikati. Hata mistari ya ndani haikutulia: Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi ilipofanywa wilaya yake yenyewe mwaka 1997. Msamia wa Funyula ana shangazi ng'ambo ya mto Sio. Mteso wa Amagoro ana mashemeji Tororo. (Tangu Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania, mwalimu wa huku amepata msaada asioutarajia. Samia la Rais ni la Kiarabu, nalo halihusiani na Wasamia. Lakini mwanafunzi akishayasikia majina yale mawili pamoja, hasahau tena kwamba suluhu ni neno la Kiswahili.)

Waluhya husalimiana mulembe au mirembe, kila watu na matamshi yao. Waganda nao huita amani emirembe, na enzi ya mfalme huiita mulembe. Basi kwa majirani hawa amani imo ndani ya salamu, na imo ndani ya hesabu ya nyakati. Ni utajiri mkubwa, lakini haumfikii kila mtu wa mpakani. Mteso na Mpadhola hawana neno hilo. Lugha zao ni za koo nyingine, na hata baina yao wawili hawaelewani kwa lugha za nyumbani. Ng'ombe wa Mteso akila mahindi ya Msamia, salamu ya mmoja haimfai mwenziwe, na shauri huangukia katika Kiswahili.

Na upande wa Uganda, Kiswahili hakikuingia kwa mlango wa suluhu. Kilikuja na reli, iliyopitia Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Kilikuja na polisi na askari wa King's African Rifles. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walioiona miaka ile waliendelea kukihusisha na sauti ya mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Mtu aliyekijua Kiswahili kwa simama, leta na kaa chini hawezi kulaumiwa akishtuka kuambiwa kwamba lugha ileile imeletwa kumsuluhisha. Mpaka wenyewe umekizoeza Kiswahili mambo mengine. Magendo ni neno ambalo Uganda nzima ililijua katika miaka ya 1970 bila kufundishwa na mtu. Bodaboda lilizaliwa Busia hasa, wakati waendesha baiskeli walipowabeba abiria kutoka kituo cha mpaka hadi kituo cha pili, mwendo usiokuwa mfupi kwa mwenye mizigo. Leo neno hilo limefika Mwanza na Goma. Hayo mawili hayahitaji mwalimu. Suluhu linamhitaji.

Tazama yaliyotokea Desemba 1987. Katikati ya mwezi huo majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi Busia, watu wakafa, mpaka ukafungwa, na malori yakasimama. Tarehe 28 Desemba Rais Daniel arap Moi na Rais Yoweri Museveni walikutana Malaba, wakatoa tamko la pamoja, na njia ikafunguliwa. Lilikuwa jambo jema, tena la haraka, na wafanyabiashara walishukuru. Lakini lipewe jina gani katika kitabu cha historia cha shule ya msingi? Kwa kipimo cha makala haya, yale yalikuwa mapatano: wakuu wawili walikutana wenyewe, wakapatana juu ya njia na majeshi. Kuyaita suluhu ni kumwingiza katika mkutano mtu ambaye hakuwamo, yaani mkazi wa Busia aliyepoteza ndugu au mali na ambaye jirani yake wa ng'ambo alikuwa angali akimtazama kwa hofu. Kama wakazi hao walisuluhishwa baadaye, ilikuwa kazi ya wazee, makanisa na ndoa, wala haikuandikwa katika tamko lolote la serikali.

Hata hivyo marais na majeshi si mfano ulio mzito kuliko yote. Mzito ni sentensi ndogo ambayo husemwa pande zote mbili za mpaka, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Kesi imesuluhishwa nyumbani." Mwalimu wa sarufi hatapata cha kusahihisha. Upatanisho wa kisarufi uko sawa, njeo iko sawa, kauli ya kutendwa iko sawa. Lakini tuseme kesi yenyewe ni ya msichana wa miaka 14 aliyeharibiwa na mtu mzima. Baba wa msichana na jamaa za yule mtu wamekaa chini ya mwembe. Mbuzi wamehesabiwa, fedha zimehesabiwa, wazee wamepeana mikono, na mtu mmoja ametumwa akamwambie mwalimu wa shule asiendelee kuulizauliza. Ikiwa mkosaji ana jamaa ng'ambo, amekwisha kuvuka. Kisha jambo hilo lote linaitwa suluhu.

Uliza sasa swali letu la yambwa: nani amesuluhishwa na nani? Ama sentensi haina jibu, ama ina jibu la aibu, kwamba waliosuluhishwa ni baba wa huyu na jamaa za yule. Msichana hakupata kuwa yambwa ya kitenzi hicho hata mara moja. Kilichomfungulia mlango wa kutoka nje ya sentensi ni mazoea yaleyale tuliyoanza nayo, ya kusema tatizo limesuluhishwa, suala limesuluhishwa. Mradi suluhisha linataka mtu, ni vigumu kulitumia pasipo kumtaja aliyekosewa. Likishakubali kitu, mtu si lazima tena. Sidai kwamba sarufi ndiyo inayowaharibu watoto. Nadai kwamba inawapa watu wazima pa kujificha.

Sheria za nchi zote mbili haziyumbi hapa. Nchini Uganda kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 iliweka wazi kwamba uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka ya makosa hayo si wa polisi, sembuse wa familia au wa chifu; uliwekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na baada ya Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka yakahamia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chini ya mwembe panaweza kufanyika mapatano baina ya wazazi, na hayo wala hayaizuii serikali. Pasiitwe mahali pa suluhu.

Wala isidhaniwe kwamba nawadharau wazee wa mwembe. Katiba zenyewe zinawaheshimu. Ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 126, inazitaka mahakama zikuze upatanisho kati ya wenye shauri. Ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 159, inakwenda mbali zaidi: inataja upatanisho, usuluhishi, uamuzi wa mtu wa kati na njia za kimila, kisha inaziwekea njia za kimila mpaka, kwamba zisivunje haki za mtu wala zisipingane na haki na maadili. Kwa mahindi yaliyoliwa, kwa deni la sokoni, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, sijui chombo kinachofaa kuliko mzee wa kijiji anayezijua pande zote mbili na anayeweza kuuliza kwa lugha wanayoielewa. Mzee wa namna hiyo, ukimsikiliza vizuri, hasemi amesuluhisha kesi. Husema, "Niliwasuluhisha." Kiambishi hicho cha watu, -wa-, anacho mdomoni bila kupita chuo chochote.

Ibara hiyo ya 159, kwa njia, ni zoezi zuri kwa darasa la juu. Ina maneno manne ya Kiingereza cha sheria yanayotaka maneno manne ya Kiswahili, na wafasiri hawajatulia: mmoja huita usuluhishi kile ambacho mwingine hukiita upatanishi. Tanzania ilikata shauri katika mambo ya kazi, kwa kuunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msuluhishi huwasaidia wenye mgogoro wafikie neno lao wenyewe. Wakishindwa, mwamuzi hutoa neno lake, nalo huwafunga. Mgawanyo huo ni safi, na unalingana na maana ya zamani ya amua niliyoitaja. Ningependa walimu wa Kenya na Uganda waufuate badala ya kubuni mwingine.

Jambo hili lina haraka yake upande wa Uganda. Kiswahili kiliwekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa Tororo anayeanza leo hana masikio ya kurithi kwa lugha hii, kama aliyonayo mtoto wa Mvita au wa Unguja, atachukua alichoandikiwa. Akipewa orodha ya msamiati ambamo suluhisho limefasiriwa kuwa jibu la tatizo, na suluhu halimo, atakuwa amepata neno la kazi za ofisini na kukosa la kazi za kijijini. Nashauri maneno haya yafundishwe yakiwa na watu wake. Wanafunzi wawili wawekwe wapatane bei ya shati. Wawili wengine wakosane juu ya ng'ombe, na wa tatu awasuluhishe, akilazimika kumtaja kila mmoja kwa jina. Hesabu itatuliwe ubaoni, na fumbo lifumbuliwe. Zoezi halizidi kipindi kimoja, na mwalimu hahitaji kitabu.

Uganda ina Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, inayoziruhusu mahakama za vijijini kutoa amri za namna kadhaa: kupatanisha, kulipa fidia, kurudisha mali, kuomba radhi, kuonya. Kupatanisha kumetajwa mwanzo. Sheria hiyo itakapofasiriwa kwa Kiswahili ili mwenyekiti wa kijiji cha Tororo aisome mwenyewe, mfasiri atakuwa na njia mbili mbele yake. Aweza kuandika "kusuluhisha shauri", ambalo ni fupi na limezoeleka, au "kuwasuluhisha wenye shauri". Mimi ningeandika la pili, na mwanafunzi akiniletea la kwanza katika insha nitalipigia mstari chini yake, na pembeni nimwandikie: nani?